Mbele ya 6G, rezo ifike kwanza ku carrière

Mwaka jana, mu kipindi cha mvua, ndugu yangu mudogo aliangukiwa na udongo mu shimo. Ilikuwa saa ine ya asubui. Mimi niko mwalimu hapa Kolwezi. Saa ile nilikuwa mu darasa, telefone yangu mu mufuko, batri imejaa, mistari yote ya rezo iko. Habari ilinifikia saa kumi na mbili ya mangaribi. Masaa munane mazima.

Si kwamba watu walinyamaza. Wenzake walimutosha kwa mapelle na kwa mikono, haikupita hata nusu saa. Kisha ilibaki kazi ya kuita mutu wa motokari amupeleke ku hospitali, na hapo njo shida ilianza. Kule carrière hakuna rezo. Kuko kichuguu kimoja nyuma ya kijiji, watu wamekipatia jina la « ku cabine »: unapanda juu, unasimama karibu na muti wa muembe, unainua mukono na unangojea mustari moja. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha na mustari haukuja. Kijana moja akashika njia kwa miguu mpaka ku barabara ya lami. Wakati ule ndugu yangu alikuwa amelala chini ya bâche, muguu umevunjika fasi mbili, damu inaenda.

Leo iko muzima, tunamushukuru Mungu. Lakini muguu walikata. Munganga aliniambia bila kunificha: « Mwalimu, kama mungemufikisha hapa mbele ya saa sita, pengine tungeuokoa. »

Sasa musikilize ile inaniuma zaidi. Ukisimama juu ya kile kichuguu, unaona antena. Ndefu, nyekundu na nyeupe, kama kilometa tatu tu. Iko ndani ya clôture ya kampuni, inatumikia bakubwa wa kampuni na mashini yao. Kijiji hakiko mu hesabu yake. Sitataja ile kampuni, kwa sababu haiko peke yake.

Ninaandika haya kwa sababu siku hizi, ku radio na mu mikutano ya wakubwa, kunasemwa sana juu ya rezo ya kesho, ile ya kizazi cha sita, 6G. Mu mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2023, shirika la dunia la mambo ya telefone, ile tunaita UIT, lilipitisha muongozo wake. Nimeusoma. Kuko maneno mazuri ndani: wanasema rezo ya kesho itapaswa kuunganisha wale hawajaunganishwa bado, itapaswa kujali maendeleo ya kudumu, itapaswa kuwa imara hata wakati wa shida. Hakuna mutu atakataa maneno kama haya. UIT yenyewe ilihesabu kwamba mu 2024 watu milliards 2,6 walikuwa bado bila intaneti. Kati yao kuko jirani zetu wengi, na pengine wewe unayesomewa hii gazeti na mutoto wako.

Neno langu ni hili: ile ahadi ya « kuunganisha wale hawajaunganishwa » isipimwe Paris wala Kinshasa. Ipimwe ku carrière. Kama mutu anayechimba vitu vya kutengeneza rezo hawezi kupiga telefone wakati mwenzake iko chini ya udongo, basi ile rezo haijafika, hata wakiipatia kizazi cha kumi.

Na tunachimba nini? Tuangalie mambo kimoja kimoja, kwa maana mara nyingi siye wenyewe hatujui. Shaba, ao mukuba sawa vile bazee wanaita, iko mu kila kamba na mu kila mashini ya antena. Kobalti iko mu batri ya telefone yako, na zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inatoka mu inchi yetu. Koltani, ya kule Kivu na Tanganyika, inatoa tantale, ile wanatia mu vipande vidogo sana vya kutunza umeme ndani ya telefone.

Lakini kuko ile ya ine ambayo watu wachache wanaijua, na iko mbele ya macho yetu kila siku. Mutu yeyote wa Lubumbashi anajua ule mulima mweusi karibu na cheminée ya Gécamines, le terril. Batoto wa pale wanaukuta kila asubui wakienda ku masomo. Ni takataka ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha mukuba mu 1911, ikamwangwa pale mwaka kwa mwaka. Basi ndani ya ile takataka kuko germanium. Mu 2024 Gécamines ilipatana na kampuni Umicore ya Ubelgiji, na mwisho wa mwaka ule ule mizigo ya kwanza ikaondoka. Germanium ni ya nini? Wanaichanganya kidogo mu kioo, ku moyo wa ule uzi mwembamba wa fibre optique, ili mwangaza usitoroke njiani. Kila sauti na kila picha inayopita chini ya bahari toka bara moja mpaka lingine inapita mu uzi kama ule. Kwa hiyo hata mavi ya mukuba wetu yanabeba maneno ya dunia nzima, na mama wa kijiji anapanda juu ya kichuguu kutafuta mustari moja.

Serikali yetu inajua bei ya hivi vitu. Mu mwezi wa kumi na moja wa 2018, décret ilitangaza kobalti, koltani na germanium kuwa madini ya strategia, na redevance yake ikapanda ku 10%. Angalia vizuri hiyo liste: madini tatu, na zote tatu ziko ndani ya telefone ao mu njia yake. Ni vile tulikuwa tunaandika bila kujua liste ya vyakula vya rezo.

Bazee waliofanya kazi Gécamines wanakumbuka historia moja inayofanana na hii. Mwanzo wa miaka ya 1980 walimaliza kusimamisha ligne ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700. Kazi kubwa, watu wa dunia nzima waliistaajabia. Lakini ilikuwa umeme wa aina moja ambayo hauwezi kukatwa kidogo kidogo njiani, uliletwa kwa kutumikia mashini za mukuba tu. Nguzo zikapita Bandundu, zikapita Kasaï, juu ya vijiji na vijiji, na chini yake watu wakabaki na koroboyi. Zaidi ya miaka makumi ine imepita, vijiji vingi bado viko vile. Kosa halikuwa la ufundi peke yake. Siku walipochora ile ligne, hakuna mutu aliuliza: na watu wa chini ya kamba, watapata nini? Kisha ikakuwa kuchelewa, kwa maana ligne ya namna ile hauirekebishi kama vile unarekebisha nyumba.

Ndiyo sababu ninasema leo, si kesho. 6G bado iko ku karatasi. Mu mwaka 2027 mataifa yote yatakutana Shanghai, kule China, kwa kugawana mawimbi ya hewa, na mawimbi ya rezo mupya ni moja kati ya mambo yatakayojadiliwa. Hapa lazima nieleze ufundi kidogo, musichoke. Mawimbi ya chini, kama yale ya 2G yetu ya zamani, yanaenda mbali: antena moja, kama fasi iko wazi, inaweza kusikika mpaka kilometa 35. Mawimbi ya juu yanabeba vitu vingi kwa upesi, lakini yanachoka mbio, ukuta unayazuia, muti unayazuia. Kati ya yale watajadili Shanghai kuko yanayopita gigahertz 7. Kwa kuyatumia lazima antena nyingi, karibu karibu. Fasi gani kampuni itapanda antena nyingi karibu karibu? Gombe kule Kinshasa. Katikati ya Lubumbashi. Na ndani ya clôture ya mine. Kijiji cha ndugu yangu hakitaona hata kivuli chake.

Basi wajumbe wetu wakienda kule, wabebe neno moja: mawimbi ya chini yatunzwe kwa ajili ya mashamba na vijiji, na kampuni itakayopewa mawimbi ya juu ya kufanyia biashara mu mji, ipewe pamoja na mzigo wa kufikisha sauti mu kijiji. Usipobeba mzigo, hauchukue faida.

Nimesema sauti, na nimesema kwa makusudi. Wengine wananicheka: « Mwalimu, watu wa carrière watafanya nini na intaneti ya mbio vile? » Ni swali la haki. Jibu ni kwamba mutu wa carrière hakuomba mbio. Anaomba telefone iitike. Anataka kutuma franka ku nyumba kwa M-Pesa ao Airtel Money ao Orange Money bila kutembea na pesa mu mufuko usiku. Anataka kujua bei ya kobalti mbele ya kufika ku dépôt, kwa sababu kama hauijui, négociant atakuambia ile anataka. Tuliyaona mu 2025: mu mwezi wa pili serikali ilifunga njia ya kutosha kobalti inje, kisha mu mwezi wa kumi ikaweka quota, na wale wa carrière za mbali ndio walijua mu mwisho. Mutu anachimba juma nzima kitu ambacho bei yake imekwisha kubadilika. Na bibi yake anataka kusikia sauti yake mangaribi, basi. Haya yote haiombi 6G. Telefone ndogo ya mabuto, ile ya torche, inayafanya karibu yote, na batri yake inashika siku tatu ine.

Hapo kuko hatari ingine. Kule Ulaya wameanza kuzima 2G na 3G ili wapate nafasi ya rezo mupya. Ufaransa kampuni zilikwisha kutangaza tarehe. Kwao pengine haiumi sana. Lakini namna ya mambo, kinachoanza kule kinafika kwetu kama nguo ya deuxième main. Siku watazima 2G hapa, telefone za mabuto za bamama wetu zote zitakufa siku moja, nzima nzima, bila ugonjwa. Watatuambia tununue ingine. Na zile za zamani zitaenda wapi? Ku jalala, mu mufereji, na batri yake ndani. Dunia ilitosha tani millions 62 za takataka za vyombo vya umeme mu mwaka 2022, na hata robo yake haikukusanywa kwa njia ya kujulikana. Sisi tunaotosha kobalti mu udongo kwa jasho, tutaanza kuirudisha mu udongo kama sumu. Maendeleo ya kudumu gani hayo? Mafundi wa telefone wa pale soko, wale vijana wenye meza ndogo na fer à souder, wanafanya zaidi kwa maendeleo ya kudumu kuliko hotuba nyingi. Telefone moja wanaifufua mara tano.

Na antena yenyewe inakula nini? Fasi nyingi ambazo umeme wa SNEL haufike, antena inakula mazout. Groupe inalia usiku na muchana, camion inaleta fûts kwa njia ya matope. Mvua ikikata njia, mazout inakwisha, antena inanyamaza, na ananyamaza wakati ule ule watu wanamuhitaji, maana shimo linaanguka mara mingi mu kipindi cha mvua. Mapanneau ya jua na batri nzuri ingeondoa hiyo shida kwa sehemu kubwa. Jua tuko nalo. Kobalti na mukuba tuko navyo. Manono kuko lithium. Ni pesa ya kwanza tu inakosekana, kisha jua halileti facture.

Hapa tujiseme na siye wenyewe, tusipake wengine tu. Mara ngapi kampuni inaleta batri na mapanneau, na kisha ya miezi mbili vimeibiwa? Mara ngapi kamba ya mukuba imekatwa usiku, ikauzwa kwa kilo, na quartier nzima ikabaki bila telefone na bila umeme? Wezi hawatoki ku mwezi. Tunawajua, wengine tunakula nao. Kijiji kinachotaka antena kikubali pia kuilinda, na mulinzi alipwe.

Kuko jambo ingine ambalo wachimbaji wa kampuni, wale wenye matricule, wanapaswa kulitazama kwa macho mawili. Rezo mupya hazikutengenezwa kwa kupiga telefone tu. Zinaruhusu mashini kusemezana bila mutu. Australia, mu mines za chuma, macamions makubwa yanatembea bila dereva tangu miaka mingi. Ile teknolojia haitabaki kule. Inaweza kuokoa maisha, mutu asiingie fasi mwamba unaweza kuanguka. Inaweza pia kumutosha baba wa batoto sita ku kazi bila kelele. Syndicat zetu ziulize mapema: rezo ya ndani ya clôture inaletwa kwa kazi gani, na dereva atafundishwa kazi gani ingine? Wakingojea mpaka camion ya kwanza ifike, mazungumuzo yatakuwa yamekwisha.

Sasa, nani atalipa? Watu wa Congo wakisikia « maendeleo ya telefone » wanashika mufuko, na wako na sababu. Tunakumbuka wote RAM: toka 2020 walikuwa wanakata mayunite yetu kidogo kidogo, mpaka dollars 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G. Mutu ananunua mayunite ya franka kidogo kwa kumuita mama yake, anakuta imeliwa. Watu walilia, wabunge wakakasirika, na mu 2022 ikaondolewa. Ile njia isirudi kwa jina lingine.

Pesa iko fasi ingine. Sheria ya telecommunications ya tarehe 25 novembre 2020 ilitengeneza mufuko wa service universel, kwa ajili ya fasi ambazo biashara haifike. Vijiji vya migodi vipewe haki ya kujua: ku liste ya mwaka huu, jina letu liko? Halafu kuko Code minier ya 2018. Kila kampuni inapaswa kutosha 0,3% ya chiffre d'affaires yake kwa ajili ya watu wanaoizunguka, na kutia sahihi cahier des charges pamoja nao. Na 15% ya redevance inaenda ku chefferie, secteur ao commune. Tumejenga masomo na hii pesa, tumejenga bizahanati, tumechimba visima vya maji, na hayo ni mazuri, pale yalipofanyika kweli. Lakini mimi sijaona cahier des charges nyingi zenye mustari moja juu ya rezo. Chief hakuomba, kwa sababu anafikiri rezo ni mambo ya bazungu na ya Kinshasa. Kampuni haikupendekeza, kwa sababu yenyewe iko nayo.

Najua kuko watakaosema: subiri satelite. Ni kweli, 2025 serikali iliruhusu Starlink, na wanasema telefone zitaanza kusema na satelite moja kwa moja. Ikifika, vizuri, mutu wa shimoni akiweza kutuma neno moja la « saidia » nitapiga makofi. Lakini leo ile chombo na abonnement yake inapita mbali nguvu ya nyumba ya creuseur. Kijiji kizima kikichangia, ao 0,3% ikilipa, hapo tunaweza kusema.

Na kuko jambo moja ambalo haliombi hata franka nyingi. Ile antena ya kilometa tatu. Nguzo iko, umeme uko, mulinzi iko. Kilichobaki ni kuweka vyombo vya kuangalia ku kijiji na kupatana na moja wa ba opérateur. Kampuni inayosema ku Ulaya kwamba kobalti yake ni safi, ingeanza hapo, mbele ya kuchapa rapport ingine yenye picha za batoto wanacheka.

Mwezi ujao wanakutana tena juu ya cahier des charges mu chefferie yetu. Nitaenda. Ndugu yangu ataenda pia, na béquilles zake. Amechora karatasi moja, na mukono wake mwenyewe, maana iko na wakati sasa: vijiji tano, carrières tatu, njia, muto, na alama ndogo kila fasi ambapo mutu akisimama anapata mustari. Alama ziko ine tu. Moja ni ile ya muembe. Akaniuliza, « Yaya, wataikubali hii karatasi? Haiko na cachet. » Nikamwambia aiweke mu plastike, mvua isiilowanishe.